Kompyuta Iliyoacha Kuuliza

Miasenyi,
3 Februari 2025

Nduku, mwana wa dada yangu,

Nakusalimu kutoka kwenye joto la Miasenyi, ingawa najua ninyi wa Lodwar mkisikia sisi tunalalamikia joto mnatucheka. Anti yako Mbinya ni mzima. Goti limetulia tangu aache kubeba mitungi miwili kwa mpigo. Mama yako alikuja kutoka Voi Jumapili baada ya ibada, akakaa mpaka jioni, akalalamika kuhusu mabati ya jikoni kama kawaida yake. Mvua za vuli zilitudanganya. Mahindi yalifika magotini yakakauka, lakini pojo tumepata magunia matatu.

Najua ulipiga simu Krismasi na hukunipata. Usinune. Simu inanichosha, na mambo ya mashine ni heri yaandikwe, nipate kuyasoma mara ya pili na ya tatu. Tumia sanduku la posta la kikundi chetu cha wakulima. Maxwell, yule kijana wa miaka thelathini tuliyemchagua kuwa naibu katibu chini yangu, huenda Voi kila Ijumaa na hulifungua.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka ulivyoipanga ile kompyuta ya kikundi. Ikiwashwa, inatoa orodha nyeusi yenye maandishi meupe, inaniuliza: unataka mfumo wa ofisi au mfumo wa ramani? Ule wa ofisi tunautumia kujaza fomu za fidia ya mazao yaliyoliwa na ndovu tu, kwa sababu fomu zile hazifunguki kwingine. Kazi yangu yote iko kwenye ule wa ramani. Juzi niliiwacha imeunganishwa kwenye mtandao wa shule, ikasema inajisasisha, nisiizime. Sikuizima. Ilipowaka tena haikuniuliza kitu. Imeingia kwenye ofisi moja kwa moja, na tangu siku hiyo inafanya hivyo hivyo.

Ramani siioni. Nukta zote, kila mahali ndovu walipopita tangu 2019, kila shamba nililolifikia kwa miguu asubuhi yake na ile GPS mkononi, hazionekani. Na tarehe 19 Juni watu wa mradi wa uzio wa umeme wanakuja kusikiliza maoni katika ukumbi wa shule. Mstari wao unaziba korongo ambalo ndovu hulitumia wakitoka upande wa Ndara. Wakilikuta limezibwa watazunguka na kuingia kwenye nyumba thelathini na nne. Hilo mimi nalijua. Bila ramani ni maneno ya mzee tu.

Sina wasiwasi, kwa sababu uliniambia una nakala kwenye diski yako. Nijulishe tu namna ya kurudisha orodha.

Mjomba wako,
Mulinge


Lodwar,
24 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Barua yako imenifikia leo, wiki tatu kamili. Nadhani ilitembea kwa miguu. Mimi ni mzima. Hospitali ya misheni bado inanipa kazi ya watu wawili: kompyuta za mapokezi, za maabara, na jenereta ikigoma ni mimi pia. Nimezoea. Nimeanza kuelewa Kituruka— samahani, Kiturkana, unaona hata kukiandika bado kunanishinda— kiasi cha kununua samaki bila kuibiwa.

Mjomba, nukta zako hazijapotea. Nina hakika na hilo. Diski ya kompyuta ile niliigawa sehemu mbili, na mfumo wa ofisi haujui kusoma sehemu ya ramani. Kilichotokea ni kwamba ulipojisasisha ulijiweka mbele kwenye foleni ya kuwaka, ukauruka ule mwingine. Haukukuuliza kwa sababu unadhani uko peke yake kwenye mashine.

Fanya hivi. Izime kabisa. Iwashe, na papo hapo uanze kubonyeza F12 mara nyingi, tap tap tap, mpaka itokee orodha ndogo ya buluu. Utaona majina mawili. Shuka kwenye la pili, bonyeza Enter. Utaingia kwenye ramani.

Na neno moja la kushika sana. Ukiwa ndani ya ofisi, inaweza kukuonyesha diski moja ambayo inadai haiwezi kuifungua mpaka iandaliwe upya. Itakuuliza ndiyo au hapana. Hiyo diski ni ramani yako. Jibu ni hapana, hata ikuulize mara mia. Mwambie na Maxwell.

Msalimie Anti. Nitapiga simu Jumamosi, nikueleze vizuri zaidi.

Nduku


Miasenyi,
12 Machi 2025

Nduku mwanangu,

Tu wazima wote. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, Mbinya anamnyonyesha kwa chupa na hataki mtu amkaribie. Mawingu yanapita juu kuelekea Bura kila alasiri, huku kwetu hayashuki.

F12 imefanya kazi. Nilibonyeza kama mtu anayepiga chapa tikiti za treni, kazi niliyoifanya pale stesheni ya Voi miaka ishirini na sita, na orodha ya buluu ikatokea. Nikashuka la pili. Nikaiona ramani yangu, nukta mia nne na kumi na mbili, hakuna hata moja iliyosogea. Nilimwita Mbinya aje aone, akaniambia ameziona miaka sita na maziwa yanachemka.

Basi nikasema nimalize jambo lenyewe. Niliingia ule ukurasa wa mipangilio ya mashine kwa F2, ulionionyesha siku ile, nikaisogeza ramani juu na ofisi chini. Nikahifadhi. Ikasema imehifadhiwa. Nikaiwasha, orodha nyeusi ikatokea, ikaniuliza vizuri. Kesho yake Maxwell akajaza fomu mbili upande wa ofisi, akazima. Nilipowasha, ofisi iko juu tena na ramani iko chini. Nimeirekebisha mara tano. Mimi napanga, yenyewe inapangua. Nimekuwa karani maisha yangu yote na sijapata kuona daftari linalojiandika upya usiku.

Sijakata tamaa, F12 ninayo. Lakini nataka siku ya kikao iwake kama ulivyoipanga, mbele ya watu, bila mimi kubonyezabonyeza.

Simu sikuipokea Jumamosi kwa sababu nilikuwa nje. Na kuhusu ile nakala kwenye diski yako, hukuniambia kitu. Unayo?

Mulinge


Lodwar,
2 Aprili 2025

Mjomba,

Nimefurahi kwa mapacha. Mwambie Anti maziwa ya mtoto yachanganywe na maji vuguvugu, daktari mmoja wa mifugo hapa kantini amenifundisha. Kwetu huku vumbi linaingia mpaka ndani ya kompyuta, nazifungua kila wiki kuzipuliza.

Hukukosea kitu. Mfumo wa ofisi, kila ukiwaka, unakagua foleni na kujirudisha mbele. Mashine yako ni ya aina inayoukubalia. Nilikutana na tabia hiyo kwenye kompyuta mbili za maabara. Kuna dawa yake na nitakuandikia vizuri, ila nataka kwanza niijaribu hapa kwenye mashine inayofanana na yako, nisikuharibie. Kwa sasa tumia F12, na usiiunganishe na mtandao. Kabisa. Fomu zijazwe, zipelekwe Voi kwa flashi.

Mjomba, nimepiga simu ya Anti mara nne. Anachukua, ananisalimia, ananiambia uko hapo mlangoni. Halafu nasikia mnanong'ona, anarudi anasema umetoka. Kuna kitu nimekukosea?

Nduku


Miasenyi,
23 Aprili 2025

Nduku,

Salamu. Mvua imenyesha siku nne mfululizo na barabara ya kuingia kwetu imekatika. Mbuzi mdogo amekufa. Chupa ya Mbinya bado iko juu ya kabati.

Hukunikosea. Tuliache hilo.

Kompyuta imeharibika zaidi. Wiki iliyopita Maxwell aliichukua kwenda Voi bila kuniambia, akaiunganisha na mtandao ili apeleke fomu kumi na moja za watu wa bondeni. Simlaumu sana, watu hao wamesubiri. Ilijisasisha tena. Sasa nikibonyeza F12, orodha ya buluu ina jina moja tu. La ofisi. La ramani halipo, wala kwenye ukurasa wa F2 halipo.

Maxwell akaipeleka kwa fundi wa simu na kompyuta karibu na soko. Fundi akasema kuna sehemu kubwa ya diski imekufa, aifute, aiandae upya, kompyuta itakuwa nyepesi kama mpya. Maxwell akanipigia ili nikubali. Mbinya ndiye aliyepokea. Alimwambia: "Mulinge amesema hapana." Mimi nilikuwa shambani, sikuwa nimesema lolote. Alikumbuka barua yako. Maxwell akairudisha jioni, ameudhika, na Jumatatu kwenye mkutano akasimama akasema kikundi kinahitaji katibu ambaye simu yake inapokelewa. Mwenyekiti wetu, Tryphena, alisema tusubiri kikao kipite kwanza.

Zimebaki wiki nane. Nimekutajia nakala mara mbili. Mtu akinyamaza mara mbili nami najua kusoma. Lakini nataka uandike mwenyewe.

Mulinge


Lodwar,
1 Mei 2025

Mjomba wangu,

Leo sina habari za hapa. Naandika tu.

Nakala sina. Oktoba mwaka jana mashine kubwa ya hospitali ilikufa, ile yenye faili za wagonjwa wa kifua kikuu. Nilihitaji diski usiku uleule ili niziokoe, na diski iliyokuwepo ni ile yenye ramani yako. Niliifuta kwa mkono wangu. Nilijiambia Krismasi nitakuja nyumbani ninakili upya, kompyuta yako haina shida. Halafu zamu ya Krismasi ikanikuta, nami nilikubali upesi sana, kwa sababu sikutaka kukaa mezani kwako ukiniuliza. Faili za wagonjwa zilipona. Hilo silijutii. Najuta kwamba nilikuacha ukilala ukidhani una kinga.

Sasa sikiliza. Nukta bado zipo. Kilichofutwa ni jina kwenye foleni, kazi yako iko mahali pake. Fundi ameiita sehemu iliyokufa kwa sababu aliitazama kupitia ofisi, na ofisi haiisomi.

Nimekutumia kifurushi kwa basi mpaka Voi, mama atakichukua. Kina flashi mbili. Nyekundu ina mfumo wa ramani mzima ndani yake, na mashine inaweza kuwaka kutokea kwake bila kugusa diski. Nyeupe haina kitu. Kuna karatasi tatu, nimeziandika kwa mkono kwa herufi kubwa.

Karatasi ya kwanza: chomeka nyekundu, F12, ichague. Itakuuliza kama unataka kujaribu au kuweka. Jibu kujaribu. Ukifika ndani, fungua diski, nakili folda yote ya Ramani kwenye flashi nyeupe. Kabla hujafanya hivyo usiende karatasi ya pili. Ukimaliza, nyeupe mpe Anti aifiche.

Karatasi ya pili inarudisha jina lililofutwa. Ni kubonyeza mara tatu na kungoja.

Karatasi ya tatu ndiyo dawa niliyoijaribu hapa wiki tatu. Nimeacha kupigania foleni. Ofisi inataka kuwa mbele, basi na iwe mbele. Lakini ule mstari mmoja utakaouandika ndani yake unaibadilishia kitu cha kwanza inachokifungua, na kitu hicho ni orodha yetu nyeusi. Kwa hivyo ikijirudisha mbele mara elfu, bado itakuuliza. Uandike herufi kwa herufi, pamoja na mabano na mistari iliyoinama. Mama asome, wewe ubonyeze. Sasisho kubwa likija huenda ukahitaji kuuandika tena, kwa hivyo karatasi usiitupe.

Na mimi nakuuliza jambo, unijibu kama nilivyokujibu. Mjomba, unanisikia nikipiga simu?

Nduku


Miasenyi,
19 Mei 2025

Nduku mwana wa Rachel,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kutazama mahindi, nikarudi nikaisoma tena. Nilikasirika siku moja nzima. Siku ya pili nilimwambia Mbinya, "Hata mimi ningeifuta kwa ajili ya wagonjwa." Akasema, "Ungeifuta, lakini ungesema." Basi hapo umesikia hukumu ya nyumba hii, na imekwisha.

Mama yako alileta kifurushi Jumamosi. Tuliketi mezani sisi watatu tangu saa tatu asubuhi. Nyekundu iliwaka. Nikachagua kujaribu. Nikafungua diski, folda ipo, nikanakili, dakika kumi na nne. Nyeupe imo ndani ya kopo la majani ya chai, na sijui kopo lipi. Karatasi ya pili haikuwa na shida. Ya tatu ilitutoa jasho. Mama yako anasoma kama anayehubiri, haachi nafasi, na mara mbili mashine ilituambia haielewi. Mara ya tatu nilimnyang'anya karatasi nikaandika mwenyewe. Ikakubali. Tukazima, tukawasha. Orodha nyeusi, maandishi meupe. Nimeiwasha mara ishirini na moja tangu Jumamosi, kumi upande wa ofisi makusudi. Kila mara inaniuliza. Nilipoingia ukurasa wa F2 nikakuta ofisi iko juu ya foleni, imejikalia. Nikaicheka.

Sasa jibu lako. La, sikusikii.

Sikio la kushoto liliniacha zamani kwa honi za treni. La kulia liliondoka Desemba. Tulikuwa tunawafukuza ndovu kwenye shamba la Tryphena kwa zile baruti za kulipuka, moja ikapasuka karibu na kichwa changu. Kilichobaki ni kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nikikaa karibu na mtu nikimtazama mdomo, napata nusu. Simu sipati kitu. Mama yako alikuwa amenikataza kwenda kulinda mashamba, ndiyo maana hakuambiwa. Jumamosi aliligundua kabla hatujafika karatasi ya pili, na aliniambia mambo ambayo kwa bahati nzuri sikuyasikia.

Kikundi hakijui. Katibu asiyesikia atajibuje maswali ya wahandisi? Kwa hivyo usimwandikie mtu.

Mulinge


Lodwar,
30 Mei 2025

Mjomba,

Nimelia, nimemaliza, nimenawa uso.

Waambie. Tryphena kwanza, halafu Maxwell, kabla ya kikao. Maxwell anadhani unamdharau usipopokea simu zake. Hapa hospitalini mgonjwa asiyesikia anakaa na mtu wa kumwandikia, na daktari anangoja. Hakuna anayekufa kwa kungoja. Anti ana mwandiko mzuri kuliko sisi wote. Mpe daftari, akae kulia kwako.

Ramani umeijua kwa miguu yako. Sitaki mtu mwingine aisimulie.

Nduku


Miasenyi,
27 Juni 2025

Nduku mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimepumzika wiki nzima, jambo ambalo halijatokea nyumba hii muda mrefu. Mahindi ya masika yamebeba. Mama yako amepata mabati.

Niliwaambia. Tryphena alisema alishajua tangu Februari, alikuwa anangoja niseme. Maxwell alichukua kalamu, akaandika kwenye gazeti lililokuwa mezani: Samahani mzee, nilidhani unaniringia. Tangu hapo ananiandikia kila kitu, hata pale kutikisa kichwa kungetosha.

Tarehe 19 ukumbi ulijaa. Watu wa mradi walikuja sita, wahandisi wawili. Maxwell aliunganisha ile mashine ya kumulika ukutani, mimi nikawasha kompyuta. Orodha ikatokea ukutani, kubwa, watu wote wanaiona. Ikaniuliza. Nikachagua ramani, na nukta zikajaa ukuta mzima.

Nilieleza kwa saa moja. Korongo hili, nukta mia mbili na tisini katika miaka sita. Huku kwenye mstari wenu, nukta nane. Mkiziba hapa, nyumba hizi thelathini na nne ndizo njia mpya. Nikawataja wenye nyumba kwa majina, na walikuwa wamekaa hapo. Wahandisi waliuliza maswali, Mbinya akayaandika, mimi nikayajibu. Mmoja alitaka kujua nukta zimepimwaje, nikampa ile GPS aishike. Mwishowe walikaa pembeni na karatasi zao, wakarudi. Wakasema korongo litaachwa wazi na mstari utasogezwa kusini.

Kuna jambo sikukuandikia katika barua zote hizi.

Yule mhandisi mkubwa, mwanamke, alisimama karibu na ukuta, akapitisha kidole kwenye mstari mpya. Akanigeukia akasema kitu. Nikamtazama Mbinya. Hakuandika. Kalamu ameishika, anatazama daftari. Ukumbi ulikuwa kimya, hilo naweza kulijua hata mimi, kwa jinsi watu walivyoketi. Mhandisi akarudia. Ndipo Mbinya akaandika, polepole, herufi moja moja, akanisogezea. Ilisema: Mzee, unajua mstari huu unaliacha shamba lako nje, upande wa ndovu?

Nikasema, "Najua. Nimejua tangu 2022. Endelea."

Mbinya alijua pia. Tulizungumza mwaka ule, uzio ulipotajwa mara ya kwanza, kabla sijaanza kuwaonyesha watu ramani. Ningeweza kuziondoa nukta za kona yetu, arobaini na tatu tu, na mstari ungepinda upande mwingine. Hakuna ambaye angegundua. Tuliketi mezani tukatazamana, yeye akasema, "Weka zote." Lakini kusema jambo jikoni na kuliandika kwa mkono wako mbele ya watu mia mbili ni mambo mawili, na ndiyo maana kalamu ilikataa kidogo.

Tryphena na wengine wamesema watatukatia ekari mbili za kulima ndani ya uzio, karibu na shule. Tutazichukua kwa mahindi. Nyumba hatuhami. Hapa nje tutapanda ufuta na pilipili, ndovu hawali. Asubuhi baada ya kikao Mbinya aliamka kabla yangu, nikamkuta mlangoni amesimama anatazama kona ile ya korongo. Nikadhani analia. Alinigeukia ili nimwone mdomo, akauliza mbegu za ufuta zinauzwa wapi, Voi au mpaka Taveta.

Tunapanda mvua ya Oktoba. Omba likizo, uje utushikie jembe.

Mjomba wako,
Mulinge